Mashua Iliyozibwa Nyufa Zote

Bi Posta alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoanza kujifunza kuendesha mashua, umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kukaa. Miaka ishirini na tisa alikuwa karani wa posta, chumba cha vifurushi, na sijui binadamu mwingine aliyechukia uwazi kama yeye: tundu, ufa, hata kona ya bahasha iliyoinuka kidogo. Kifurushi kikipita mikononi mwake, mpokeaji alihitaji kisu na subira kukifungua. Wenzake walimtania kwamba siku ya kufa atajifunika mwenyewe na kujibandika gundi. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, akarudi nyumbani kwao, kando ya ziwa, kumuuguza dada yake.

Dada huyo, mkubwa wake kwa miaka saba, watu walimwita Nahodha, na hawakumpa jina hilo kwa utani. Tangu usichana wake aliendesha mashua ya tanga ya baba yao, chombo cha mbao chenye urefu wa hatua nane na umri mkubwa kuliko wao wote wawili. Alibeba mizigo, alibeba wagonjwa, alishindana na wanaume akawashinda, na baba yao alipofariki mashua ikawa yake bila mtu kuuliza. Ziwa lilijaribu kumuua miaka arobaini likashindwa. Kipande cha sabuni nusura kiweze. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Daktari alimpa fremu ya kutembelea na agizo moja: hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi, kila siku, la sivyo atakaa hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Nahodha akasema yeye si mtoto wa kutambaa na vyuma. Fremu ikawa ya kuanikia taulo. Mwenyewe akahamia kwenye kiti cha plastiki, mbele ya dirisha linalotazama ufuko, na kazi yake ikawa kuwatukana watu wanaofunga kamba vibaya.

Sasa jambo moja lieleweke. Bi Posta hakuwahi kukaa ndani ya ile mashua. Hata mara moja. Alipokuwa mdogo baba yao alisema baharia mmoja anatosha katika nyumba, huyu mwingine apelekwe shule. Akapelekwa. Kila asubuhi alisimama kwenye gati na mkoba wake wa vitabu, akiwatazama baba na dada wakiondoka, wakicheka, migongo yao imemgeukia. Baadaye, watu walipomuuliza alitamani nini maishani, alisema nyumba yenye bustani. Uongo mtupu. Alitamani kukaa kwenye ile mashua, ashike usukani, na mmoja wa wale wawili amwambie amefanya vizuri. Baba alishakufa. Amebaki mmoja.

"Dada," alisema siku moja wakila mchana, mwanzoni mwa kiangazi, "nifundishe mashua."

Nahodha alicheka hadi nyonga ikamuuma. Kisha akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kamba kabla ya kuikata.

"Kiangazi hiki kimoja tu," alisema. "Kabla mvua ya kwanza haijanyesha, uende hadi lile boya jekundu na urudi. Peke yako ndani. Ukiweza, mashua ni yako. Ukishindwa, namwita fundi aipasue kuni."

"Kuni, dada?"

"Kuni. Heri ichemshe maji ya kuoga kuliko iozee mikononi mwa karani."

Basi wakaanza. Kila asubuhi Bi Posta alimkokota dada yake kwenye mkokoteni, kiti na mwenyewe juu yake, hadi mwisho wa gati. Nahodha alikuwa na filimbi shingoni. Akipuliza mara moja, legeza kamba. Mara mbili, geuka. Mara tatu hakukuwa na maana yoyote ya ubaharia. Mara tatu ilimaanisha "mjinga wewe," na ufuko mzima ulikwisha kujua hesabu hiyo katika siku mbili. Wauza samaki walihesabu kwa sauti. Moja, mbili, halafu wakangoja ya tatu, na ikija wanapiga makofi.

Wiki ya kwanza Bi Posta alifunga fundo ambalo hata yeye alishindwa kulifungua, tanga likakwama juu, mashua ikazunguka mahali pamoja kama kuku aliyepigwa jua. Wiki ya pili ule mti wa chini ya tanga ulimpiga mdomoni alipogeuka bila kuinama. Jino la mbele likamegeka. Alirudi gatini kinywa kimejaa damu.

"Afadhali," alisema Nahodha. "Sasa una pengo, utaweza kupiga mluzi mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na wewe mkuu," mzee mmoja mvuvi alidakia kutoka nyuma, "hilo lako lilivunjika kwa kutomsikia nani?"

Watu walicheka sana. Bi Posta naye akacheka, pamoja na damu yake, na hilo lilikuwa kosa. Siku hiyo Nahodha alimzuia kushuka majini hadi jua lilipokuwa utosini, akamfanya afunge na kufungua fundo lilelile mara mia moja, mikono ikachubuka, na kila mara alisema, "Cheka basi."

Lakini haki yake apewe: alifundisha. Hakumficha kitu majini. Alimwambia asitazame tanga, kwamba tanga ni kitambaa tu. "Geuza uso hadi upepo uusikie sawa masikio yote mawili. Hapo pua yako imeelekea upepo unakotoka. Sasa jua pa kwenda." Alimfundisha kuona upepo kabla haujafika, maji yanavyosinyaa na kuwa meusi kwa mbali. Alimfundisha kwamba mashua ikilala upande haitaki kufa, inataka kamba ilegezwe. Na Bi Posta, aliyezoea kukariri namba za miji mia tatu, alishika. Mwezi wa pili ulipoingia alikuwa akitoka na kurudi ghuba nzima bila kugonga kitu.

Kisha ikaja siku moja Nahodha hakupuliza kabisa. Filimbi ilikaa mapajani. Upepo ulikuwa mkali, wa kubadilikabadilika, na Bi Posta aligeuka mara sita dhidi yake, safi, bila tanga kupiga hata kofi moja, akaja akasimamisha mashua kando ya gati taratibu kama mtu anayeweka yai mezani. Wauza samaki hawakuwa na cha kuhesabu. Jioni hiyo, alipokuwa akimwosha dada yake mgongo, Nahodha alisema, "Leo hukuniaibisha."

Maneno mawili tu. Bi Posta alilia ndani ya beseni, akijifanya anasuuza kitambaa. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata siku ya harusi wala siku ya kustaafu. Alipoinua uso aliona macho ya dada yake pia mekundu, akadhani ni sabuni, au mapenzi.

Kesho yake Nahodha alitoa amri mpya. "Kuendesha ni nusu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa itoe majini uitengeneze, ndipo uende huko kwenye boya kama mtu mwenye chombo chake."

Iliburutwa juu kwa magogo na watu saba, ikawekwa mbele ya dirisha hasa, upande wa jua. Bi Posta alivaa suruali ya zamani ya marehemu mumewe akaanza kazi. Alikwangua rangi ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, kijani chini ya buluu chini ya nyeupe. Alipiga msasa hadi vidole vikapoteza alama. Aliondoa misumari iliyoliwa na kutu, akapaka mlingoti mafuta, akaketi kivulini kushona viraka vya tanga kwa mshono mdogo mdogo hata Nahodha akaupitisha kidole mara mbili. Kila alipouliza mashua irudishwe lini majini, jibu lilikuwa moja: "Iache ipumue." Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jua lilikuwa la kuanika, si la kuota. Aliposema labda aifunike, aliambiwa mashua si maiti.

Wiki ya nne nyufa zilifunguka. Kati ya ubao na ubao, pande zote, kuanzia mbele hadi nyuma, mwanga ulipita. Mahali pengine aliweza kuingiza mpini wa kijiko. Bi Posta alipoona hivyo alishikwa na hofu iliyomnyima usingizi, maana hicho ndicho kitu alichokichukia duniani kuliko vyote, na sasa kilikuwa kwenye kitu alichokipenda kuliko vyote.

"Dada, imeachana yote. Nifanyeje?"

Nahodha alitazama kupitia dirishani. Hakuharakisha. "Wewe umesoma, mdogo wangu. Waliosoma wanasemaje? Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Nizibe zote?"

"Usiache hata mmoja."

Alikwenda dukani akarudi na gundi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya, ambayo ikikauka inakuwa jiwe. Akamletea dada yake aione kwanza. Nahodha alivaa miwani, akasoma maandishi yote ya kopo, mbele na nyuma, yeye ambaye hakuwahi kusoma hata barua ya daktari.

"Ikikauka inaminyika?" aliuliza.

"Haiminyiki kabisa. Muuzaji anasema hata kwa nyundo."

"Basi ndiyo hiyo."

Siku tisa Bi Posta alilala chali chini ya mashua na kisu chembamba, akijaza. Hakuna kifurushi alichowahi kukifunga kwa mapenzi kama yale. Alijaza, akasubiri, akapiga msasa, akapitisha ncha ya kidole kutafuta palipobonyea, akajaza tena. Siku ya tano alipita Misumari, fundi seremala wa mashua, ambaye ufundi wake wote aliupata akiwa mwanafunzi chini ya baba yao na Nahodha. Alisimama. Aliinama akagusa mstari mmoja wa gundi uliokauka, akaugonga kwa kucha. Akafungua mdomo. Halafu akainua macho dirishani, akakaa hivyo kidogo, akajifuta uso kwa kofia.

"Kazi safi, Bi Posta," alisema, akaondoka kwa haraka. Bi Posta alijivunia maneno hayo siku nzima.

Iliporudishwa majini haikuingiza hata tone. Watu walikuja kutazama. Mashua zote za mbao huvuja siku ya kwanza. Hii ilikaa kavu ndani kama kabati. Bi Posta alitaka kwenda siku hiyohiyo, maana mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa pili wa ziwa, lakini Nahodha akakataa. "Iache inywe maji kwanza. Siku sita." Siku ya tatu, akiwa amekaa ndani anapanga kamba, alisikia mlio chini ya miguu, mkavu, kama mtu anayevunja kidole. Siku ya nne miwili. Alipomwambia dada yake, Nahodha alifumba macho.

"Mbao inasalimiana na maji," alisema. "Walikuwa hawajaonana."

Siku ya sita mbingu ilikuwa nzito tangu asubuhi. Alimkokota dada yake hadi mwisho wa gati, akamfunika miguu kwa shuka, akaingia chomboni. Nahodha alivua filimbi shingoni, akaitupa mapajani mwa mdogo wake. "Huhitaji tena kuisikia," alisema. "Nenda."

Akaenda. Lo, alikwenda! Upepo ulikuwa wa ubavuni, tanga lenye viraka vyake likajaa, na yule karani mwenye pengo alikaa upande wa juu akiegemea nyuma, kamba mkononi, masikio yote mawili yakisikia. Kwa muda wa kwenda hadi lile boya hakuwa mjane, wala mstaafu, wala mtoto wa mwisho aliyeachwa gatini na mkoba. Alilizunguka boya kwa karibu hata akaligusa kwa kiganja. Alipiga kelele peke yake, kelele isiyo na maneno.

Katikati ya kurudi mashua ilipasuka ndani. Si kugonga kitu; maji yalikuwa marefu na matupu. Kwanza mlio mmoja mkubwa, kisha mfululizo, mbavu baada ya mbavu, zile mbao zilizopinda zinazoshikilia umbo la chombo kwa ndani. Zilikatika mbele ya macho yake, vichwa vya misumari vikachomoka, na ubao wa pembeni ukajibinua kutoka mahali pake kama mdomo. Gundi yake haikuachia. Ilibaki imeshikilia, nzuri, nyeupe, mistari iliyonyooka, na mbao ndizo zilizopasuka kandokando yake. Maji yakaingia kwa upana wa mkono.

Mtu mwingine angeruka. Bi Posta alilegeza kamba kama alivyofundishwa, akailaza mashua upande mzima ili ule uliopasuka uinuke juu ya maji, akashika usukani kwa paja, akateka maji kwa ndoo kwa mkono mmoja. Alilia na kutukana na kuteka. Aliileta. Iliingia ufukoni imejaa hadi kwenye mabenchi, ikapanda mchanga, ikakaa chini kwa mlio mmoja wa mwisho, mlingoti umeinama. Matone ya kwanza ya mvua yalianza wakati anatoka, maji kiunoni.

Misumari alikuwa wa kwanza kufika. Alizunguka mara moja tu.

"Mbao kavu haizibwi," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Hunyweshwa. Ungeizamisha kwenye maji ya kina kifupi siku tatu, nyufa zingefunga zenyewe. Mbao ikinywa inavimba, Bi Posta. Ukiwa umeijazia jiwe, inavimba iende wapi? Inavunja mbavu zake." Akavua kofia. "Nilitaka kusema siku ile. Dada yako alinitazama."

"Anajua hayo?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

Gati lilikuwa na hatua themanini. Bi Posta alizitembea zote, nguo zikichuruzika. Dada yake alikuwa pale pale kwenye kiti, mvua ikimpiga, shuka limelowa. Ufuko wote ulisogea kusikiliza.

"Umekwenda na umerudi," alisema Nahodha, "kabla ya mvua. Neno langu ni neno. Ni yako."

"Kwa nini, dada?"

Nahodha hakujifanya haelewi. "Wewe ulipewa shule. Ulipewa mji, mshahara, mume. Mimi nilipewa kile chombo, na baba nimuuguze hadi amalize. Sikulalamika. Kisha unakuja miezi miwili, na pengo lako, unageuka mara sita kwenye upepo ule. Mimi ilinichukua miaka mitatu." Alilikaza shuka magotini. "Nikupe na hicho pia?"

"Si ungekataa tu kunifundisha. Ungesema hapana."

"Ningesema hapana usingejua umekosa nini. Sasa unajua."

Watu waliokuwa karibu waliinamisha macho. Mama mmoja muuza samaki alisema, "Eh, jamani," akaishia hapo. Bi Posta alimtazama dada yake, na hakukuwa na chozi tena. Yote alikwisha kuyateka kwa ndoo. Alishika mkokoteni akamrudisha nyumbani, akamkausha, akambadilisha nguo, akampa chai. Nyumba aliyopanga mjini alikwisha kuirudisha kwa mwenyewe. Hakuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo.

Mvua ilinyesha siku nne. Siku ya tano ilikatika, na Bi Posta akawaita watu saba na magogo yao. Waliiburuta mashua hadi mbele ya nyumba. Hakuiweka mahali pa zamani. Alianza mlangoni akahesabu hatua kwa sauti, akachora mstari ardhini kwa kisigino, na hapo ndipo walipoiacha, imelala ubavu, mbavu nje, mistari myeupe ya gundi ikionekana kutoka dirishani hata kwa mtu asiye na miwani.

Kisha akaingia ndani. Alitoa taulo juu ya ile fremu ya chuma, akaipangusa, akaiweka mbele ya kiti. Filimbi ilikuwa shingoni mwake.

"Arobaini kwenda," alisema. "Arobaini kurudi. Peke yako. Ukiweza, nakurudishia, uifanye utakavyo, uizike au uiunde upya. Ukishindwa, asubuhi namwita Misumari aje na shoka, uitazame ikipasuliwa kutoka hapo ulipokaa."

"Nyonga haijapona," alisema Nahodha.

"Najua."

"Nitaanguka."

"Utanyanyuka. Jino langu je?"

Nahodha aliitazama fremu. Aliitazama mashua, kwa muda mrefu, uso umempauka wote, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini mdogo wake aliona jinsi dada yake anavyoonekana akitamani kitu. Wala hakufurahi kuona. Lakini hakuondoa fremu.

Mikono ya Nahodha ilishika vyuma. Alijivuta, akasimama nusu, akaachia ukelele, akasimama yote. Bi Posta alitoka akaenda kusimama kando ya mashua, akaweka filimbi mdomoni, pale penye pengo, akapuliza mara moja. Nahodha akainua mguu.

Hatua ya kumi na moja alianguka kifudifudi kwenye matope. Bi Posta akapuliza mara tatu, akangoja.